Mguu wa Kulia wa Baba Yohana

Jumatatu, 7 Aprili 2014
Asubuhi kama kawaida. Beseni, maji ya vuguvugu. Nayapima kwa kiwiko changu, maana miguu ya mume wangu haijui moto wala baridi. Ukoma ulipona zamani, ganzi ikabaki. Ikishalowa vizuri nasugua sugu kwa jiwe, kisha mafuta ya mgando kabla ngozi haijakauka, yafungie maji ndani. Magaga yamefunga. Asante Yesu.

Katekista kapita. Baba Yohana yumo kati ya kumi na wawili watakaooshwa miguu na Padre Alhamisi Kuu. Kafurahi kama mtoto. Atatoa wa kulia, ule mzima. Wa kushoto hauna vidole. Hautoki kwenye soksi mbele za watu.

Alhamisi, 10 Aprili
Mgando umeisha. Mvua kutwa, dukani sikufika. Nimempaka mawese ya jikoni. Si mafuta nayo? Mama zetu walitupaka hayohayo tukang'aa. Kanitania: "Mama Yohana, umeniunga kama maharage, bado chumvi tu." Tumecheka mpaka basi.

Ijumaa, 11 Aprili
Panya. Kidole gumba cha mguu wa kulia kimetafunwa akiwa usingizini. Hakusikia kitu. Damu nimeiona mimi, natandika kitanda.

Muuguzi kasafisha, kafunga bandeji. Kanisema: "Mama, mawese ni chakula, panya anafuata chakula. Mgando haumwiti." Kidonda kikichimbika, mguu utakatwa. Marufuku kuulowesha, marufuku kuukanyagia.

Mimi ndiye niliyempaka. Mimi.

Jumapili ya Matawi, 13 Aprili
Kanisani nimeenda peke yangu. Sala haikupanda. Nikimwomba msamaha anasema, "Panya ndiye aombe." Lakini hacheki. Kanituma kwa Katekista, atafutwe mtu mwingine.

Katekista nimemwona. Sikumwambia. Mungu anisamehe.

Jumatano, 16 Aprili
Kidonda kimeanza kukauka, hakinuki. Muuguzi karidhika.

Nimeulowesha wa kushoto peke yake. Nimepaka mgando polepole, mpaka kwenye makovu. Hapo nikamwambia ujumbe wake sikuufikisha. Kakasirika kweli. Nikasema na huu nao ni mguu, miaka yote naushika, sijauonea kinyaa hata siku moja.

Kautazama mguu wake. Halafu kaniuliza: "Unadhani watu wote wana mikono kama yako?"

Naogopa. Wakimcheka, nitakuwa nimemuumiza mara mbili.

Ijumaa Kuu, 18 Aprili
Jana nilimsukuma kwa baiskeli mpaka kanisani. Zamu yake ilipofika alikaa tu. Padre amepiga magoti, anangoja. Nikataka kuinuka nimtoe pale. Kisha akavua soksi ya kushoto, mwenyewe. Mzee wa pembeni yake akasogea. Nikasema moyoni, sasa anamkimbia. Kumbe anasogea karibu, amshikie fimbo.

Padre akaosha, akafuta, akabusu pale vidole vilipokuwa. Kitenge changu kililowa machozi.

Leo tumefunga. Watu wanapita kwenda Njia ya Msalaba. Yeye yuko kibarazani, miguu ameinyoosha juani, wa kulia na bandeji yake, wa kushoto wazi, unang'aa mafuta. Anasalimia kila anayepita. Soksi sijui kaiweka wapi. Sijamuuliza.