Kiapo cha Dubu

Bredäng, Stockholm
Jumamosi, 9 Novemba 1974

Kwa dada yangu Domina,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba Baba Mkubwa Severin amepona mgongo. Sisi hatujambo, ila mdogo wangu Cyprian ana mafua, na analalamika kwa Kiswidi hata Mama akimuuliza kwa Kiswahili. Leo jioni Mzee Gitau na mkewe Mama Truphosa walitutembelea kutoka Spånga. Wamekuulizia. Mama Truphosa anakumbuka ulivyokuwa ukipokea makoti ya wageni bila kuambiwa.

Tangu wewe na Baba Mkubwa mliporudi Bukoba mwezi wa sita nimejitahidi kutimiza ahadi yetu. Kila Jumamosi, mchezo wetu wa televisheni, Ufalme wa Chini ya Barafu, ukiisha, nakaa mezani na kukuandikia niliyoyaona, bila kuongeza wala kupunguza, maana najua huko Bukoba hakuna televisheni.

Leo ilikuwa sehemu ya tano. Tuva alishuka mpaka kwenye taa ya nne akakuta mafuta yamebaki kidogo sana. Unakumbuka kwamba taa zote saba zikizimika barafu itajifunga na mama yake aliyemo ndani hatatoka tena. Dubu alimwonyesha njia kwa kukwaruza ukuta, kama kawaida yake, bila sauti. Halafu mwishoni, Dada, tukajua kwa nini hasemi. Tuva aliona picha zilizochorwa kwenye barafu. Zamani dubu alikuwa mwingi wa maneno, na siku moja aliropoka siri ya mlango mbele ya askari wa Malkia. Ndiyo sababu mama yake Tuva akafungwa. Dubu akaapa hatatamka neno mpaka mama huyo atoke. Tuva hakumkaripia. Alimwekea kiganja puani, basi.

Baba amesoma barua hii na kusahihisha maneno mawili kwa penseli nyekundu.

Mdogo wako akupendaye,
Paskalia


Bukoba
15 Desemba 1974

Mdogo wangu Paskalia,

Habari za baridi? Mimi mzima, mgongo wa Baba una nafuu, na shule inaendelea, na maharage nayo yanaendelea kila siku. Wasalimie Baba Mdogo na Mama Mdogo.

Barua zako sasa si zangu peke yangu. Jumapili wasichana wa bweni letu wanaposukana nywele, mimi nasoma. Nikifika mahali pa hatari naambiwa nirudie. Rafiki yangu Wambura, anayetoka Musoma na hajawahi kuona televisheni wala dubu, anamfikiria kama ng'ombe mwenye manyoya. Hata hivyo kile kiapo kilimliza mpaka akaacha kichwa cha mwenzake nusu.

Siku hizi bwenini ukitaka kumwahidi mtu kwamba utamtunzia siri, unaweka kiganja puani. Mwalimu wa zamu anadhani tumeambukizana mafua.

Usikose hata Jumamosi moja. Wote wanataka kujua mama yake Tuva atatoka lini.

Dada yako,
Domina


Bredäng
Jumamosi, 18 Oktoba 1975

Kwa dada yangu Domina,

Nakusalimu wewe na bweni zima. Sisi wazima wa afya. Mimi moyo wangu ndio haujatulia, na utaona sababu.

Mchezo umerudi leo kwa mwaka wa tatu. Nilikuwa nimekaa tayari, nimeshamaliza hesabu na kukunja nguo za chumba cha kufulia. Tuva ni msichana mwingine kabisa. Ana nywele nyeupe na anacheka kila mara, na hakuna aliyeeleza yule wa kwanza amekwenda wapi. Taa zimebaki tatu. Zile nne hazikutajwa. Mama yake hakutajwa pia. Kuna mwanamfalme mwenye sleji ya dhahabu ya kuteleza juu ya theluji.

Na dubu anasema. Dada, nimeandika sentensi hiyo na kuiangalia kwa muda. Alifungua mdomo akafanya mzaha kuhusu samaki, na watu wote wa ufalme wakacheka. Mama yake Tuva bado yumo ndani ya barafu, na yeye anachekesha watu. Hawakukumbuka kiapo hata kwa neno moja. Nimewaandikia barua watu wa televisheni, kwa Kiswidi safi, kuwauliza nani aliwapa ruhusa ya kumvunjisha kiapo.

Nisamehe kwa habari mbaya. Nimeandika nilichokiona.

Mdogo wako,
Paskalia


Bukoba
30 Novemba 1975

Paskalia,

Hatujambo. Natumaini na ninyi pia.

Nimesoma barua zako tatu za mwisho mbele ya wenzangu, na nimeona aibu. Wambura aliniuliza kama ni wewe uliyeandika, au umempa Cyprian kalamu. Dubu aliyenyamaza kwa uchungu wa kosa lake ameamka asubuhi moja na kuanza vichekesho vya samaki? Msichana aliyeshuka kwenye giza kumtafuta mama yake sasa anapanda sleji? Hakuna mtu anayetunga kitu halafu akakisahau namna hiyo. Bweni limejadili na kukubaliana kwamba tatizo haliko kwenye mchezo. Tatizo ni wewe. Umepata marafiki wapya, unatazama kwa jicho moja, na unachokosa unajaza kwa chochote kinachokujia.

Kama umechoka kutuandikia, sema umechoka. Ila usituharibie.

Dada yako,
Domina


Bredäng
10 Januari 1976

Dada Domina,

Natumaini mmeanza mwaka salama.

Barua yako nimeisoma mara nne, na sikulia, ila niliivunja penseli ya Baba. Mimi nikose kuangalia? Nimekataa kwenda kuteleza kwenye barafu na wenzangu kila Jumamosi kwa ajili yenu. Nimetia humu picha niliyoikata gazetini. Huyo ndiye Tuva mpya, na huyo nyuma mwenye mdomo wazi ni dubu. Kiswidi hujakisahau, soma yaliyoandikwa chini.

Watu wa televisheni wamenijibu. Bibi mmoja anasema wanashukuru kwa barua yangu, lakini hawajui chochote kuhusu kiapo cha dubu. Hawajui. Walituonyesha wenyewe, tena ukutani kwa picha, leo wanakana. Nilimwonyesha Baba akatikisa kichwa. Kwa hiyo huku naambiwa kiapo hakikuwapo, na huko naambiwa mimi ndiye niliyekivunja.

Kama hamniamini, njoo utazame mwenyewe.

Paskalia


Bredäng
Jumamosi, 16 Julai 1977

Kwa dada yangu mpendwa Domina,

Nakusalimu kwa heshima, ingawa ni mwaka na nusu sijapata jibu lako. Kwa Mjomba Gervas nilisikia kwamba mmehitimu na kwamba wewe na Wambura mko chuo cha ualimu hapo hapo Bukoba. Nilifurahi sana. Baba na Mama ni wazima. Cyprian amekua na bado anajibu kwa Kiswidi.

Kwanza, nilikuambia uje utazame mwenyewe, nikijua kwamba hukutaka kuondoka, na kwamba ulilia ukishika reli ya ngazi yetu. Neno lile lilikuwa baya, na nimeishi nalo. Nisamehe.

La pili ni zito zaidi. Mchezo wetu ulikufa Krismasi iliyopita, kwa harusi ya mwanamfalme, na mama yake Tuva hakualikwa wala kutolewa. Sikukuandikia kwa sababu nilidhani hutaki. Majira haya ya joto wanarudia sehemu za zamani. Leo ilikuwa ile ya tano. Nilimkalisha Cyprian karibu nami ili aone jambo zuri kuliko yote, nikamwambia angoje mwisho. Taa ya nne ikaja. Dubu akakwaruza ukuta. Halafu wakaendelea na safari, yakaja majina ya wachezaji, na mimi bado nangoja.

Hakuna picha ukutani, Dada. Hakuna kiapo. Dubu hasemi kwa sababu ni dubu.

Nilimwita Mama nikamwambia wamekata kipande. Yeye akaniuliza, "Si ndiyo siku ile Mzee Gitau alipogonga, Baba akazima televisheni?" Hapo ndipo nilipokumbuka. Baba hawezi kumkaribisha mtu huku sanduku linaongea. Alizima, tukasimama kuamkia, nami nikaenda kuchemsha chai. Zilikuwa zimebaki dakika kumi. Nilipokaa mezani niliona aibu kukutumia sehemu iliyokatika, baada ya kuahidi. Utaniuliza kama nilijua nabuni. Nilipoandika mstari wa kwanza nilijua. Nilipofika kwenye kiganja puani nilikuwa nimeshaona kila kitu, na tangu hapo nimekuwa nikikiona.

Miaka miwili nimewafokea watu kwa kuvunja kiapo ambacho hawakukiweka. Na ninyi mlisema kweli, ingawa mlikosea mahali. Nilijaza nilichokosa. Nilijaza pale mlipopapenda.

Baba amesema niwaombe radhi watu wa televisheni. Nimefanya hivyo leo leo. Ila nimewaeleza pia kwamba kumsahau mama wa mtu ndani ya barafu ni kosa lao wenyewe, na kwa hilo sitoi radhi.

Kama hutajibu nitaelewa. Lakini nitaangalia sanduku la barua.

Mdogo wako siku zote,
Paskalia


Bukoba
4 Septemba 1977

Mdogo wangu Paskalia,

Salamu. Mimi mzima. Baba anatembea bila fimbo. Picha ya gazeti niliipata, nikajua ulisema kweli, nikaona aibu kuandika, na aibu ikakaa mpaka ikawa mwaka.

Barua yako imenikasirisha siku mbili. Nilitembea nikijisemea: wasichana ishirini na wawili, na kiapo kile kimetungwa jikoni Bredäng kati ya kikombe na sahani. Siku ya tatu nikamsomea Wambura. Alikuwa anasahihisha madaftari ya mazoezi. Hakuinua kichwa mpaka mwisho.

"Kwa hiyo," akasema, "aliyetutoa machozi hakuwa mtu wa televisheni. Ni yule mtoto."

Kisha akakasirika yeye sasa, si kwa ajili yako, bali kwa ajili ya harusi ile. Anasema kama wenye mchezo wameshindwa kumtoa mama yake Tuva, wamwachie aliyemjali. Watoto tunaowafundisha kwa majaribio wanamjua dubu kupitia kwetu, na wanauliza kila Ijumaa. Hatuna la kuwajibu. Taa nne hazijulikani ziliko, na dubu bado amenyamaza, kwa maana yule wa samaki sisi hatukumpokea.

Kwa hiyo fanya hivi. Jumamosi waalike Mzee Gitau na Mama Truphosa. Wakigonga, zima televisheni. Wape chai na uwasalimie kwa niaba yangu. Wakiondoka, kaa mezani utuandikie ulichokiona.

Kiganja changu kiko puani.

Dada yako,
Domina