Kidevu Kilichonyolewa Nainokanoka

Karatu, Jumapili mchana.

Ukungu umekataa kuondoka tangu asubuhi na matope ya jana bado yako mlangoni. Binti yangu Neema yuko Mbulu kwa bibi yake. Baba yake amelala chumbani, ameshiba, anakoroma. Mimi niko jikoni, naandika, na hasira niliyonayo inanifanya nibonyeze kalamu hadi inatoboa karatasi.

Leo sikumnyoa mume wangu.

Najua hilo halionekani kuwa jambo kubwa. Lakini Baba Neema yuko kwenye kikosi cha barabara huko juu Nainokanoka, anashinda na sururu na chepe, na hushuka nyumbani mwisho wa mwezi kwa lori la kikosi. Hushuka na ndevu za mwezi mzima, maana anasema baridi ya kule haina huruma na kidevu kitupu. Jumapili asubuhi kabla ya kanisa namkalisha nje kwenye kigoda, namfunga taulo shingoni, namnyoa. Jirani yangu Mama Paskali hupita na ndoo yake na kuniuliza kama leo nanyoa au nachinja.

Mwenyewe hawezi kujinyoa. Kidole chake cha shahada kilipondwa na jiwe miaka mingi iliyopita na hakikunjiki tena, hivyo wembe humchezea mkononi. Mara alizojaribu alikwenda kanisani na vipande vya karatasi vimebandikwa shavuni.

Mimi nyembe nazijua. Nafanya usafi wa vyumba kwenye nyumba ya wageni ya shamba la kahawa, na Wazungu wakiondoka huacha kwenye pipa zile nyembe za plastiki za kutupa, nyingine wamezitumia mara moja tu. Mama mwenye nyumba alishasema kilichoingia kwenye pipa ni chetu. Siku hizi hata wembe wa kawaida dukani ni wa kubahatisha, kwa hiyo naziokota bila aibu.

Ila nachagua. Wenzangu hukimbilia ile yenye nyembe mbili zilizopandana, kwa sababu inaonekana ya kisasa. Kwenye ndevu za mwezi mzima nywele hunasa katikati na hazitoki hata ufanyeje. Mimi huchukua yenye wembe mmoja, naupitisha polepole kwenye pamba, na ukivuta nyuzi najua una mapengo, nautupa. Ndevu nazipunguza kwanza kwa mkasi, kisha naziwekea kitambaa cha maji ya moto mpaka zilegee. Nikimaliza siugongi wembe kwenye beseni. Nausuuza, naukung'uta, nausukuma kinyumenyume kwenye suruali kuukuu ya kaki, kisha naupaka mafuta ya kondoo kidogo na kuuweka kwenye kopo kavu mbali na mvuke wa jikoni. Kinachomaliza wembe ni maji kuliko ndevu. Nikiutunza hivyo, wembe alioutupa Mzungu baada ya siku moja unanifikisha hadi mavuno.

Haya yote nilimweleza Baba Neema wakati wa kiangazi. Aliniuliza mwenyewe. Alisema kuna mzee mmoja kambini anaona haya kukaa na ndevu mbele ya wakubwa wa kazi, je, nina wembe wa kumpa? Nilimchagulia ulio bora kuliko wote, wa bluu, hata wake mwenyewe haukuwa mzuri hivyo. Akaniuliza na namna ya kuutunza. Akanirudisha nyuma kwenye habari ya suruali ya kaki, nieleze tena, unasukuma upande gani?

Huyu ni mtu anayelaza jembe kwenye mvua. Ukimtuma chumvi analeta kiberiti. Nikamwona ametulia, ananisikiliza, anarudia maneno yangu, nikafurahi. Niliona hatimaye anaiheshimu kazi yangu. Mjinga mimi.

Jana jioni alishuka kwenye lori akiwa na kidevu kitupu.

Akasema amejinyoa mwenyewe ili anipunguzie kazi. Nikamshukuru. Ndiyo, nilimshukuru, nikamchemshia maji ya kuoga.

Asubuhi hii, wakati anakunywa chai karibu na dirisha, ndipo nilipomtazama vizuri. Hapakuwa na mkwaruzo hata mmoja. Chini ya taya, upande wa kushoto, ndevu zake zimeota kuelekea juu, na ukimnyoa pale kama unavyonyoa kwingine anatokwa na vipele wiki nzima. Ilinichukua mwaka mzima wa ndoa kulijua hilo. Ngozi ya pale ilikuwa laini kabisa. Kuna mtu mwingine alikuwa amejifunza shingo ya mume wangu.

Nikachukua mfuko wake ili nitoe nguo za kufua, angalau mikono ipate kazi, na chini ya mashati nikaukuta ule wembe wa bluu wa yule mzee. Umekaushwa, umepakwa mafuta, umefungwa kwenye kipande cha kanga ya njano. Sijawahi kuwa na kanga ya njano.

Nikauweka mezani mbele ya kikombe chake. Nikamuuliza, "Nani anakunyoa?"

Akasukuma kikombe kando. Kisha akaniambia yote, kwa utaratibu, kama mtu anayetoa taarifa ya kazi. Ni mama anayewauzia chai na maandazi watu wa kikosi, ana kibanda kando ya barabara, mume wake alifariki. Mambo yao yalianza kiangazi. Mzee mwenye ndevu hakuwahi kuwapo. Sikulia wakati anasema. Nilikuwa naangalia tu kile kipande cha kanga.

Halafu, nadhani alitaka kunituliza, akasema, "Nilimwambia ni mafundisho yako, Mama Neema. Sikukuficha kwake. Anakushukuru sana."

Anakushukuru.

Nimelirudia neno hilo tangu asubuhi, na kila nikilirudia linaniuma upya. Mume wangu alikaa hapa, kwenye nyumba yangu, akaniuliza maswali, akayashika majibu yangu kichwani njia nzima hadi kule juu, akampelekea mwanamke mwingine. Nilimfundisha mke mwenzangu kazi bila kujua kwamba yupo.

Na si wembe peke yake. Baba Neema si msemaji. Saa ya kunyolewa ndiyo saa yake ya maneno. Hufumba macho, nami nikiinua mkono kuosha wembe ananisimulia habari za mwezi mzima kidogokidogo: lori lilipozama kwenye tope, faru aliyesimama katikati ya barabara asubuhi na kuwazuia wote wasiende kazini, msimamizi wao mwenye sauti kubwa ambaye anaogopa vyura. Mara nyingine nilikuwa nanyoa taratibu makusudi. Jana nilipomuuliza habari za huko alisema ni za kawaida tu. Sasa naelewa. Zilikuwa zimeshasimuliwa.

Kanisani sikwenda. Nimefua mashati yake, kwa sababu yalikuwa yameshalowa. Nimesonga ugali kwa hasira, ukawa mgumu, naye akausifu. Amesema ataacha, hatakwenda tena kwenye kile kibanda. Alisema akiwa anatazama nje. Kisha akala, akaenda kulala, na nadhani kwake jambo limekwisha.

Kwangu halijaisha. Alipoanza kukoroma nilijitupia kanga mabegani nikaenda kwa dereva wa lori, anakaa nyuma ya soko. Nimemwomba nafasi ya mbele kesho asubuhi, lori likipanda kurudi kambini. Aliniuliza kama Baba Neema anajua. Nikamwambia atajua akinikuta nimekaa. Mwenzangu wa kazini nimeshamwomba anishikie vyumba vyangu.

Siendi kupigana. Sitamchania mtu nguo. Nataka nifike pale, nikae kwenye benchi lake mchana kweupe, animiminie chai, na huyu bwana asimame kati yetu aonekane anasimama upande gani. Baada ya hapo nitajua kama nina ndoa au nina mpangaji wa mwisho wa mwezi.

Hilo nimeliamua na sirudi nyuma. Kinachonisumbua sasa ni jambo dogo, naona hata aibu kuliandika. Amenieleza kila kitu kuhusu huyo mama isipokuwa umri wake. Nikishuka kwenye lori kesho nikasimama mbele ya kibanda, je, ni mimi wa kutoa shikamoo, au wa kuipokea?