Kemia Sirudii

Yesenia, acha unachofanya usome hii. Chuo kikuu kimenipokea, lakini wanataka nirudie kemia ya kaboni tuliyosoma kwenye chuo chetu cha jamii. Nirudie! Maana yake nitachelewa kuhitimu kwa mwaka mzima.

Mshauri wa wanafunzi, Bi. Kessler, ameniambia huku akitabasamu: "Mwanangu, kemia ya vyuo vya jamii, hivyo vya miaka miwili, ni nyepesi. Tunawaonea huruma tu, msije mkazama hapa."

Nikamuuliza hapa inafundishwa na nani.

"Dkt. Bedrosian. Huyo hana mchezo."

Bedrosian! Bedrosian wetu wa Jumanne jioni, aliyekuwa akifika darasani bado anatafuna burito yake kwa sababu ametoka kufundisha hapahapa chuo kikuu! Kitabu kilekile, mtihani uleule.

Nikamwambia, "Huyo ndiye aliyenifundisha, na alinipa A."

Akatazama tena karatasi zangu. Kisha, sikia hili, akasema: "Labda kule huwa anawalegezea."

Anatulegezea! Bedrosian, aliyekunyima alama za swali zima kwa sababu ulisahau mshale mmoja kwenye mlinganyo!

Nikasema, "Basi mpigie simu umuulize, mimi nikiwa hapahapa."

"Binti, utaratibu hauendi hivyo. Na ofisi inakaribia kufungwa."

Nimekaa kwenye kiti nje ya mlango wake, nakuandikia. Sirudii somo nililokwisha kufaulu, na siondoki. Ametoka mara mbili kuniangalia. Mara ya pili alikuwa na simu sikioni, na nimemsikia akisema kwa sauti ya chini: "Ndiyo, Dkt. Bedrosian. Bado amekaa."