Maelezo ya Shahidi Kuhusu Kioo cha Ukumbi wa Mtihani

Shahidi: Mwanamume, anafahamika kwa jina la Denge
Umri: Miaka 46
Kazi: Kinyozi
Makazi: Nyumba ya kupanga nyuma ya saluni yake, mtaa wa sokoni
Uhusiano na mtuhumiwa: Shemeji, ameoa dada yake

Nimeonywa niseme kweli, tena kwa ufupi, na nitaisema, ingawa kumwambia kinyozi aseme kwa ufupi ni kumpa adhabu.

Mtuhumiwa ni mdogo wa mke wangu. Ni mwalimu wa hisabati wa sekondari na anaishi kwangu. Mara mbili amefanya mtihani wa kuingia shahada ya uzamili, mara mbili amekosa. Mwaka huu ulikuwa wa mwisho kwake, maana mwakani umri unampita na ufadhili haumhusu tena. Watu husema elimu haina mwisho, lakini fomu zao zinao.

Alisomea saluni, kwenye kiti cha pembeni, kwa sababu nyumbani watoto wangu wanampanda kichwani. Mimi nanyoa, yeye anakokotoa. Wateja walimzoea hadi wakawa wanamuuliza, "Mwalimu, leo umefika wapi?" Mmoja alisema, "Huyu akifaulu, Denge, utunyoe bure wiki nzima." Nikakubali.

Sasa kuhusu simu, maana afande ameniuliza mara mbili. Mwaka jana shemeji alilalamika kwamba simu ndiyo iliyomla muda. Safari hii aliizima mwenyewe mwezi mmoja kabla, akampa dada yake mbele yangu. Alisema, "Dada, ifungie. Hata nikilia, usinipe mpaka nitoke kwenye mtihani." Mke wangu akaifungia kwenye sanduku la nguo zake, na mke wangu akishika neno, ameshika. Jumatano ya wiki ya mtihani shemeji alimwomba, "Nipe dakika tano tu, nione kama kuna jambo." Akamjibu, "Ulisema hata ukilia, na bado hujalia." Tulicheka wote watatu. Naomba iandikwe kwamba tulicheka wote, asije mke wangu akabebeshwa lawama peke yake.

Mnamo Jumamosi, tarehe 14 ya mwezi huu, nilifunga saluni nikamsindikiza. Nilikuwa nimemnyoa mwenyewe asubuhi hiyo. Tulifika chuoni kabla ya saa mbili na nusu, mtihani ukiwa wa saa tatu. Geti lilikuwa limefungwa. Shemeji alisema tumewahi mno. Tukakaa kwenye ngazi, akawa ananieleza swali ambalo sikulielewa, nami nikawa naitikia. Karibu saa tatu alitokea mfagizi akatushangaa. Alisema, "Kwani ninyi hamkupata ujumbe? Paa la ukumbi limeharibika, wamehamia kampasi mpya. Wote walitumiwa kwenye simu."

Shemeji alikimbilia barabarani. Tulipanda pikipiki moja, sisi wawili na dereva, lakini kampasi mpya iko upande wa pili wa mji, na foleni ya siku ya soko mnaijua. Tulifika saa nne kasoro dakika kumi. Mlango wa ukumbi ni wa kioo. Niliwaona watahiniwa wameinama wanaandika, na meza moja ya mbele haikuwa na mtu.

Mlinzi alisema, "Ikishapita nusu saa haingii mtu, kaka. Si mimi, ni utaratibu." Hakumtukana, na hilo naomba liandikwe pia. Shemeji alimwita kaka, akamwita mkubwa, mwisho akamwita baba, na mlinzi mwenyewe ni kijana tu. Alisema, "Nipeni hata muda uliobaki." Mlinzi akaingia akafunga. Ndipo shemeji akaanza kupiga kioo kwa viganja, akisema, "Nifungulieni." Hakuwa na jiwe wala chuma. Sikumshika, kwa sababu nilidhani watamfungulia. Kioo kilivunjika, na kipande kikamkata mlinzi juu ya jicho. Shemeji alivua shati lake akamfunga nalo jeraha. Askari walimkuta hivyo, kifua wazi, amempakata yule mlinzi. Hakukimbia.

Saa saba nilimweleza mke wangu. Alifungua sanduku akaiwasha simu. Ujumbe ulikuwemo, wa Jumanne. Akaizima tena, akairudisha sandukuni, akaketi juu yake.

Saa tisa nilikuja hapa kituoni kumletea shemeji shati jingine. Aliniomba nimtafutie karatasi ya maswali. Nikarudi kampasi, nikampata mtahiniwa mmoja akanipa yake. Shemeji aliisoma akiwa amesimama, ukurasa baada ya ukurasa. Nilimwomba Mungu yawe magumu. Akanirudishia katikati ya nondo, akasema, "Shemeji, mwaka huu wameuliza niliyoyasoma."

Niliyoyaona na kuyasikia ni hayo, na nimeyasema kwa hiari yangu.

Sahihi ya shahidi: Denge

Maelezo haya nimeyaandika mimi, koplo wa zamu, saa kumi na mbili jioni, nikamsomea shahidi naye akakubali ni sahihi. Alisisitiza kwamba mke wake hana kosa. Nimemfahamisha kuwa hakuna aliyemlalamikia. Mtuhumiwa yuko mahabusu, ametulia. Ameomba kalamu na karatasi tupu. Hakupewa, kalamu hairuhusiwi ndani.