Siku Maopereta Walipochomoa Nyaya

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Hali yako? Na shemeji, mguu wake umepoa, au bado anachechemea huku akikataa kwenda hospitali? Sisi huku ni wazima. Shangazi anakohoa kidogo, ila ulimi wake haujaguswa na ugonjwa wowote. Nibusie watoto wote, hata huyo mkubwa anayejidai siku hizi habusiwi.

Utashangaa kwa nini nimeandika badala ya kupiga simu. Kwenye simu hukosi kunikatiza, nami nataka unisikilize hadi mwisho kabla hujanigombeza.

Nilikwambia kwamba makumbusho yetu yameandaa maonyesho ya historia ya wanawake, na kwamba nimepewa mimi kuyasimamia. Nilichagua maopereta wa simu, wale mabinti waliokuwa wakiunganisha simu za mji mzima kwa mkono. Ghalani tulikuwa na ubao wao wenyewe, mrefu kuliko kabati la nguo, umejaa matundu na nyaya, umesahauliwa chini ya turubai. Niliufuta kwa mikono yangu hadi kucha zikabadilika rangi. Na msimulizi sikuhitaji kumtafuta mbali, kwa kuwa Shangazi alikaa mbele ya ubao huo tangu alipomaliza shule hadi alipofukuzwa.

Tulikuwa tukijua tu kwamba aliacha kazi. Kumbe waligoma! Enzi hizo binti akiolewa, kazi yake imekwisha siku hiyohiyo. Mwenzao mmoja alirudi kutoka harusini kwake akakuta kiti chake kimeshakaliwa na mtu mwingine. Asubuhi iliyofuata Shangazi alisimama, akachomoa waya wake, na wenzake wote wakachomoa. Mji mzima ukawa bubu. Wakatoka nje, wakakaa kwenye ngazi za posta, wakisema hawaingii mpaka mwenzao arudishwe. Nilimrekodi akisimulia, naye alicheka kama msichana.

Sasa mkurugenzi wetu, tunamwita Bwana Itifaki kwa sababu hata chai hanywi bila utaratibu, aliposikia neno mgomo alishika kichwa. Akaniambia maonyesho yamefadhiliwa na kampuni ya simu, na wafadhili hawatapenda ukakasi. Yeye alitaka masanamu ya wasichana wanaotabasamu na bango la kusifu mchango wa mwanamke. Nilibishana naye hadi sauti ikanikauka. Mwisho tukakubaliana kwamba ukutani mgomo usiandikwe, ila mgeni akiinua mkono wa simu uliopo kwenye ubao, atasikia sauti ya Shangazi. Nikajisemea heri nusu shari.

Siku ya ufunguzi, dada, nilitamani kulia. Waliohutubia wote walikuwa wanaume, na kila mmoja alitusifu kwa uvumilivu, kana kwamba tulizaliwa ili tuvumilie. Shangazi, ambaye ndiye mwenye maonyesho, alipewa kiti nyuma ya nguzo. Hotuba zilipokwisha akajikongoja mwenyewe hadi kwenye ubao, akainua ule mkono wa simu, akasikiliza. Nikaona uso wake unabadilika. Akanigeukia akaniuliza kwa sauti iliyojaza ukumbi:

“Mbona huku kuna kinanda? Huu si ule muziki wa kumsubirisha mtu? Nimesubirishwa maisha yangu yote, na humu pia mnanisubirisha?”

Bwana Itifaki alikuwa ameifuta sauti ya Shangazi na kuweka muziki usiku wa kuamkia sherehe bila kuniambia. Watu wakacheka wakidhani ni utani. Shangazi hakucheka. Alivuta kiti cha mgeni rasmi, akaketi, akawaita wanafunzi wa kike waliokuja na mwalimu wao, akaanza kusimulia. Hakuna aliyethubutu kumnyamazisha.

Na hapo ndipo nilipoyasikia ambayo hakuwa amenisimulia kwenye kinasa sauti. Msichana mmoja alimuuliza mgomo uliishaje. Shangazi akamjibu:

“Ulikufa. Aliyerudi kwanza kuchomeka waya alikuwa wifi yangu.”

Wifi yake, dada. Mama.

Nilimuuliza baadaye nyumbani, akanieleza yote. Yeye ndiye aliyemkutanisha Mama na Baba. Walikuwa wameshafunga ndoa kimyakimya, Mama akaishona pete ndani ya pindo la sketi yake ili kazini wasijue. Baba hakuwa na kazi. Na Mama alikuwa mjamzito. Bosi wao alijua, sijui nani alimwambia. Akamwita pembeni akamwambia akirudi kwenye ubao, yeye tumbo hataliona. Asiporudi, wataanza kumfukuza yeye. Mama akapita katikati ya wenzake pale kwenye ngazi akiwa ameinamisha kichwa. Kufika jioni wengine nao wakaingia mmoja mmoja. Shangazi alifukuzwa, akaishia kushona sare za shule. Mama akapanda cheo hadi akapewa ile nishani ya utumishi mwema. Mimba hiyo ilikuwa wewe.

Ningekuficha, lakini Bwana Itifaki hakunipa nafasi. Kesho yake alinijia akimeremeta. Eti amegundua shujaa wa kweli wa maonyesho ni Mama, mfanyakazi mwaminifu aliyeweka kazi mbele! Anataka picha yake na nishani, ambavyo viko kwako, naye atakupigia. Nikamwambia Mama ataingia ukutani pamoja na hofu yake na mimba yake, na Shangazi pembeni yake na kufukuzwa kwake, au asiingie kabisa. Akaniambia nimechoka, nahitaji kupumzishwa. Sasa nakata tiketi getini. Kila anayeingia namwelekeza ukumbi ambao mimi mwenyewe nimekatazwa kuukanyaga.

Nina hasira, dada. Nimemkasirikia Bwana Itifaki, nimemkasirikia na Mama kwa kwenda kaburini na siri yake, halafu nikiwaza tumbo lile nashindwa kumlaumu, na hasira inakosa pa kukaa. Nilimuuliza Shangazi aliwezaje kula meza moja na Mama miaka yote hiyo. Akanijibu, “Ningemchukia, ningembeba mtoto kwa mikono gani?” Kisha akakasirika kwamba namuuliza maswali chakula kinapoa.

Basi akikupigia Bwana Itifaki, usimpe kitu, au mpe kwa masharti yangu. Uamuzi ni wako. Wewe ndiye mkubwa. Ila kuna ombi jingine, na hili si langu. Shangazi amesema nikwandikie hivi hivi: “Mwambie yule mtoto aje. Nimewasimulia wageni, na mwenyewe hajasikia kutoka kinywani mwangu.”

Njoo, dada. Wasalimie wote wa hapo nyumbani, shemeji umwambie hospitali hawang'ati. Nakutakia afya na moyo mpana.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Kitindamimba