Mkaa wa Wifi na Maji ya Karakana

Nyumbani, chumba cha uani
Jumapili, baada ya kufua

Mpendwa Dada,

U hali gani huko ugenini? Mgongo umeacha kukusumbua? Na shemeji, bado anakoroma hadi majirani wanagonga ukuta? Sisi wazima, na leo nina habari ya kukufanya ucheke peke yako.

Unayajua maji yanayobaki karakanani Mama akishatia vitambaa rangi. Siku zote tuliyamwaga mtaroni. Basi mwezi uliopita bata weupe wa jirani wakageuka zambarau! Jirani akaja juu, na bwana afya akamfuata nyuma: maji yasafishwe kabla mwezi haujaisha, la sivyo karakana inafungwa. Mama alinyong'onyea, akawa anakunja vitambaa kama aliyefiwa.

Sasa, yule mke wa Kaka ambaye Mama hakumtia moyoni, eti mwanamke gani hajui hata kukaanga yai! Kumbe huko maabara anakofanya kazi ndiyo shughuli yao, kusafisha maji machafu. Akaomba maranda kwa seremala na maganda kwa muuza karanga, takataka tupu. Akayachoma ndani ya debe lililofunikwa yakawa mkaa, akausaga, akaumwaga kwenye pipa lililotobolewa chini, juu ya mchanga. Alisema mkaa huo una vitundu visivyoonekana kwa macho, na rangi hunasa humo.

Tukamimina maji ya zambarau. Yakatoka meusi tii! Mama akamtazama. "Umeyasafisha, au umetupikia wino?"

Wifi alicheka mpaka akakaa chini, na Mama naye akashindwa kujizuia. Kumbe mkaa haukuoshwa vya kutosha. Wakauosha pamoja, weusi hadi viwiko, wakipiga soga kama marafiki wa siku nyingi.

Mara ya pili yakatoka maangavu, Dada! Nilipiga vigelegele peke yangu. Bwana afya akajaza chupa, akaenda kupima, na majibu yakaja mazuri: karakana haifungwi. Mkaa ukishashiba rangi hatuutupi ovyo. Mfyatua matofali anauchoma tanuruni kwake.

Jana mteja alimuuliza Mama yule fundi wa maji ni nani. Mama akajibu kwa sauti, mtaa mzima usikie: "Huyo? Binti yangu huyo!" Wifi alikuwa amebeba ndoo. Aliitua chini, akalia kwa furaha bila kujificha.

Kaka anakusalimu, na Mama anakuombea usiku na mchana. Nibusie wanangu, msalimie shemeji. Mungu akutunze mpaka tukumbatiane.

Mdogo wako akupendaye bila kuchoka,
Kitindamimba