Tafi Mwenye Jozi Ishirini na Tatu

Jumatatu, 8 Septemba

Kompyuta ya chuo imezimika tena kwa joto. Nimerudi kwenye yangu, nimeiwekea feni. Tafi, samaki wangu wa utafiti, bado anaunganishwa vipande vya DNA yake. Siku ya tano. Programu inakimbia kwenye mashine kubwa Nairobi. Mimi niko Garissa naangalia asilimia zikipanda, kama anayengoja maharage yaive.

Samaki mwenyewe alitoka Kiunga ndani ya barafu. Mimi namjua kwa herufi za DNA tu. Sijawahi kumla, wala samaki mwingine yeyote. Kwetu, watu wenye ng'ombe hawali samaki.

Eeddo Habiba, dada yake baba, amekuja kutoka Sangailu kutibiwa jino. Kauliza kwa nini chumba changu kinanuka samaki. Nimemwambia samaki yuko kwenye kompyuta. Hajaridhika. Kafungua dirisha.

Jumanne, 9 Septemba

Imeisha. Nimehesabu mara tatu. Jozi ishirini na tatu za kromosomu.

Jamaa zake wote niliowasoma wana ishirini na nne. Kwa huyu, mbili zimeungana zikawa moja ndefu kuliko zote. Ziliungana lini? Kwa samaki huyu mmoja au kwa tafi wote wa Kiunga? Mwenye ishirini na tatu anaweza kuzaa na mwenye ishirini na nne? Chakula cha mchana kimenipita sijui saa ngapi.

Nimempigia Daktari Mutiso, msimamizi wangu. Kafurahi kuliko mimi. Hapo hapo kaandika "ishirini na tatu" kwenye muhtasari wa utafiti wetu na kuutuma kwa mkutano wa wanasayansi wa Mombasa.

Jumatano, 10 Septemba

Watu wa mkutano wamekubali. Dakika kumi na tano jukwaani, jina langu likitangulia, la Daktari likifuata. Sijawahi kupanda jukwaa lolote, hata la shule. Nimejifungia nikafanya mazoezi mbele ya kabati. Nimejipenda kidogo.

Alhamisi, 11 Septemba

Eeddo anataka kujua kazi yangu ni nini hasa, maana kuangalia kioo cha kompyuta si kazi. Nimemweleza. Mashine haisomi DNA yote kwa mkupuo. Inaleta vipande, mamilioni. Mwisho wa kipande kimoja ukifanana na mwanzo wa kingine, programu inaviunganisha.

Kasema hiyo ni abtirsi tu, ile hesabu yetu ya mababu. Kila jina linashika mkia wa lililotangulia. Nitaje yangu basi. Nikaanza kwa kujiamini: jina langu, baba, babu, juu zaidi, Hassan, juu zaidi. Kanisimamisha. Nimeua mababu watatu.

Nina Hassan wawili. Hassan Gaab, yule mfupi, na Hassan Dheere, yule mrefu. Nilimfikia wa kwanza nikatokea kwa baba wa yule wa pili. Waliokuwa katikati wakapotea. Eeddo kacheka mpaka akashika jino. Kasema ukitaja Hassan bila lakabu, unaweza kutokea katika ukoo wowote unaoutaka.

Nilicheka naye. Nikaenda kufua. Nikiwa na povu mikononi nikasimama. Mahali zile kromosomu mbili zilipoungana pana herufi gani?

Sikwenda kuangalia.

Ijumaa, 12 Septemba

Sijaangalia. Nimepanga kabati. Baada ya swala ya Ijumaa nimelala.

Nataka ziwe ishirini na tatu. Nataka sana. Naandika hapa kwa sababu siwezi kumwambia mtu.

Jumamosi, 13 Septemba

Nimeangalia.

Pale kwenye kiungo pana herufi zilezile zinazojirudia, maelfu kwa maelfu. Hassan, Hassan, Hassan. Na kipande kama hicho kipo pia kwenye ncha za kromosomu nyingine. Nikatafuta kipande kirefu kilichoingia upande huu kikatokea upande wa pili. Kimoja tu kingenitosha. Vingi vinaingia kutoka kushoto. Vingi vinaingia kutoka kulia. Hakuna kilichovuka.

Programu ilikisia. Nami nikakimbilia simu.

Jumapili, 14 Septemba

Nimekikata kiungo kwa mkono wangu. Amri ya mstari mmoja. Nimeiandika nikaifuta mara mbili kabla ya kubonyeza. Ishirini na nne.

Nina hasira. Si na programu.

Jumatatu, 15 Septemba

Nimemwambia Daktari. Nilitegemea anifokee, ningejua la kujibu. Badala yake kauliza nilijuaje. Nikamweleza habari ya mababu watatu. Kasema atawaandikia watu wa Mombasa leo leo, kosa la kuharakisha muhtasari ni lake. Si lake peke yake. Nimeona aibu zaidi.

Alhamisi, 18 Septemba

Daktari kapiga simu saa kumi. Nafasi ya jukwaani kapewa mwingine. Mimi nimepewa ubao wa kubandika bango, ukumbi wa nyuma. Nilikuwa nakoroga kwa mkono unga wa anjera, mkate wetu mwembamba, simu iko kwenye spika. Eeddo alikuwa anakunywa chai upande wa pili wa mdomo. Kaivuta simu kwake, kaanza na Kiswahili chake cha sokoni, kila p ikiwa b.

"Daktari, ile samaki ya msichana yetu, saa hii iko ngabi?"

"Ishirini na nne, mama."

"Na ilikuwa inatakikana ngabi?"

"Ishirini na nne."

"Basi hakuna imebotea. Sasa nyinyi mnalia nini?"

Eeddo kanirudishia simu, kaendelea na chai yake.

Nimenawa mikono. Nimefungua orodha ya kromosomu nikazihesabu upya, bila haraka, kutoka ndefu hadi fupi. Zote zipo.